Disketi Sita za Mzee Twalib

Temeke Mikoroshini,
Dar es Salaam.
20 Machi 1994

Mdogo wangu Mwishehe,

Assalaam alaykum. Idi imepita salama na sisi tumo. Shemeji yako ana mafua ambayo yeye anayaita malaria ili apikiwe supu ya kongoro, na mimi nampikia kwa sababu ni Idi. Baada ya swala nilikwenda na ndugu yetu Talha kumzuru mzee kaburini. Majani yameota upesi kwa mvua hizi. Niliporudi nikaanza kupakua pilau, na mkono ukachukua sahani yake ya bati kabla sijakumbuka. Nililia jikoni peke yangu, nikanawa uso, nikawapelekea wageni chakula. Nusaiba hajambo? Mtoto ameshaanza kutambaa? Barua zako ni fupi mno kwa mtu aliyesomeshwa.

Habari mpya ni kwamba nimepata kazi. Tangu shirika litupunguze nilikuwa nakaa barazani nauza maandazi, na sikujua kama nina hasira kiasi hicho mpaka nilipoanza kugombana na unga. Mama mmoja wa Bukoba, anaitwa Eufrazia, amefungua chumba cha kupiga chapa jirani na soko la Stereo. Ana kompyuta mbili. Ya zamani ina WordPerfect, kioo cha bluu, kimya, hakuna mapambo. Inakuwekea ukurasa mtupu na kukusubiri kwa adabu. Ile mpya ina hiyo Windows mnayoisifu vijana. Maoni yangu unayataka? Mimi nilifundishwa kupiga chapa bila kutazama vidole. Sasa naambiwa niinue mkono, nishike kipanya, nikitembeze mezani, nitafute mshale umejificha wapi, kisha nibonyeze picha ya mkasi. Mkasi wa nini, nimekuja kushona? Eufrazia anasema wateja wanapenda picha. Kweli wanapenda, wanasimama mlangoni kutazama, kisha wanakwenda kuchapisha kwingine.

Sasa nilichokusudia kukuambia. Nilimweleza Eufrazia habari za kitabu cha mzee wetu. Nilimwambia jinsi alivyokaa mzee wa baraza pale mahakama ya mwanzo miaka thelathini akisikiliza kesi za watu, na kwamba macho yalipomwishia akaanza kunisimulia zile kesi, jioni, kwenye redio kaseti. Kanda ilikuwa moja. Mchana, saa ya chakula, naipiga chapa ofisini, jioni tunarekodi juu yake. Eufrazia akaguswa. Akasema Jumapili yoyote nitumie printa yake nikichape chote, bure.

Nikatia disketi yangu kwenye ile mashine ya zamani. WordPerfect haikuona kitu. Ndani mna faili moja lenye jina la ajabu, na nikilifungua naona vijuso vinavyocheka, makopa ya karata na mistari. Unakumbuka siku ya mwisho pale shirikani nilihifadhi kila kitu kwa ile programu uliyoniachia. Iliniomba disketi, ikaomba nyingine, mpaka zikafika sita. Nikashukuru kwamba nimepata nakala sita. Ndizo tulizogawana siku ya arobaini ya mzee, wewe ulikuwa umesharudi Mwanza. Baba mdogo akasema hata hizo zifuate sheria ya mirathi, wanaume mbili mbili, wanawake moja moja. Hesabu ikaingia sawasawa na watu wakalia. Talha alipata namba moja na mbili, Hamisa tatu, wewe nne na tano, mimi ya sita.

Au yangu ndiyo mbovu? Nijibu upesi, nikaazime nakala ya Talha.

Dada yako,
Mwajabu


Mwanza,
17 Aprili 1994

Dada Mwajabu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata juzi, ilizunguka Tabora kabla ya kuamua kuja. Sisi wazima. Mtoto anatambaa na anakula kila anachokiokota, juzi tumemtoa betri ya redio mdomoni. Nusaiba anakuamkia na anasema viatu ulivyomletea mtoto vimeshakuwa vidogo. Nilifurahi kusikia umepata kazi. Kwa Windows usikate tamaa, dada. Hapa ushirika tumepewa mashine moja yenye nayo, na mimi mwenyewe mwanzoni niliidharau. Ni nzito, inafikiri sana kabla ya kufanya jambo, lakini unaweza kufungua kazi mbili kwa mpigo. Kwa hesabu za pamba bado natumia Lotus. Lotus haina sura, ina akili tu.

Nimepata pia programu inayopanga upya vitu ndani ya diski. Ukiiwasha unaona vijumba vya rangi vinahama kimoja kimoja mpaka vinajipanga. Wenzangu wanaacha chai kuja kutazama. Na ile ya kutafuta virusi nayo nzuri, ila inachukua muda mrefu na haijapata kutuambia habari njema.

Kuhusu disketi. Dada, naomba usishtuke. Zile si nakala. Ile programu haitoi nakala kama karatasi za kaboni. Inachukua kila kilichomo ndani ya mashine, inakibana, halafu inakigawa vipande, disketi moja ikijaa inaomba nyingine. Hizo sita ni kitu kimoja kilichokatwa. Kukirudisha, lazima uanze na ya kwanza, kisha ya pili, kwa mpangilio, na ikikosekana moja, programu inasimama pale pale. Nilipaswa kukueleza nilipokuachia, nilidhani utahifadhi kwa njia ya kawaida.

Zikusanye hizo za kina Talha. Usizikunje, usizishike pale palipo wazi, na zisikae karibu na spika ya redio. Ukishazipata niandikie.

Inawezekana pia kwamba kitabu chote kimeangukia kwenye disketi za mwanzo. Tuombe Mungu.

Mdogo wako,
Mwishehe


Temeke Mikoroshini,
15 Mei 1994

Mdogo wangu Mwishehe,

Marahaba. Betri mdomoni ni utundu wa baba yake, wewe ulimeza kifungo cha kanzu ya baba mdogo. Shemeji yako amepona yale malaria yake. Mvua imeingia chumba cha uani na tumehamisha magunia.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Miaka ishirini mimi ni mpiga chapa. Nikitaka nakala sita naweka karatasi sita na kaboni tano, nagonga mara moja, zinatoka sita. Mashine iliponiomba disketi ya pili nikajua inafanya hivyo hivyo. Haikuniambia vingine. Nimegawa kitabu cha baba yangu vipandevipande kwa mkono wangu, watu wakanishukuru, na baba mdogo akapiga dua. Nimelia, nimeacha kulia, sasa nahangaika.

Nilivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni kwa Talha. Yeye hakuwa na neno, akasema chukua zote. Tatizo ni alipoziweka. Disketi zetu ni zile pana, laini, zenye tundu katikati. Talha akaona tundu, akajua ni la kutundikia. Ziko ukutani kwenye misumari miwili, moja kulia na moja kushoto kwa picha ya mzee, dirishani, upepo wa chumvi unazipiga tangu Januari. Mkewe anazifuta vumbi kila Ijumaa kwa kitambaa cha maji. Ningemkasirikia ningepata dhambi, maana nyumba nzima hakuna kitu kinachotunzwa kama zile. Moja ina madoa meupe ya ukungu.

Kisha nikaenda Tandale kwa Hamisa. Hapo palikuwa pagumu. Unamjua Hamisa, mzee alimwacha mama yake yeye akiwa mchanga, akakulia kwa bibi yake, na kuja kwetu ilikuwa sikukuu kwa sikukuu. Nilimkuta anarudi sokoni na matenga yake ya nyanya. Akanipa kiti, akanipa maji. Nikamweleza yote. Akaingia ndani akatoka na disketi, ameifunga kwenye kanga ya kisutu ya mama yake, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku la bati. Safi kama siku niliyompa. Akanionyesha tu, akairudisha.

Nikamwomba. Akaniambia, "Dada, mie mzee sikumpata akiwa hai. Nilichopata ni hiki kimoja. Nacho mnakifuata?"

Nikamwambia ni kuazima. Akasema hata mama yake aliambiwa anakwenda kwao wiki mbili tu. Nikaaga.

Nitarudi kwake. Wewe nitumie zako mbili, namba nne na tano. Eufrazia anaiuza ile mashine ya zamani kwa shule moja mwisho wa Septemba, na ile mpya haina mdomo wa kumeza disketi pana. Tuma mapema.

Dada yako,
Mwajabu


Mwanza,
3 Julai 1994

Dada Mwajabu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Ni msimu wa ununuzi wa pamba, tunafunga hesabu mpaka Jumapili. Mtoto amesimama mwenyewe mara mbili kisha akaona haina haja. Nusaiba alikuwa na homa lakini sasa anapika.

Ukungu usiufute kwa maji. Kata upande mmoja wa bahasha ya disketi kwa wembe, itoe ile sahani nyeusi ya ndani, ipanguse taratibu kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke, uitie kwenye bahasha ya disketi nyingine safi. Nimefanya hivyo hapa zaidi ya mara moja, inakubali.

Nimekuwa nikijaribu sana siku hizi programu ya kurudisha faili zilizofutwa. Nitakupa maoni yangu, labda yatakusaidia hapo kwa Eufrazia mteja akifuta kitu. Ni nzuri mno, inarudisha faili na inakuuliza herufi ya kwanza tu ya jina lake, lakini ni ilimradi hujaandika kitu kingine juu yake. Ukishaandika, inakuonyesha jina na ndani hamna kitu. Nimejaribu na nyingine ya kampuni nyingine inayojisifu zaidi, nayo ni vilevile. Nyingine nimeipata kwa mwalimu wa chuo hapa, nimekesha nayo. Kwa jumla sizipendi. Zinampa mtu matumaini mwanzoni na menyu nzuri nzuri, kisha zinamwacha.

Kile kitabu ulikipa jina gani ndani ya mashine? Na chote kilikuwa faili moja au mafaili mengi? Ile programu inahifadhi kwa kufuata herufi za majina, kwa hiyo kama kinaanza na A au B, kiko kwa Talha na hatuna haja ya kuwasumbua wengine. Zangu zipo. Natafuta mtu wa kuaminika wa kuzileta, maana posta wanagonga mihuri kwa nguvu.

Kwa Hamisa usimlazimishe. Mwache kwanza.

Mdogo wako,
Mwishehe


Temeke Mikoroshini,
10 Agosti 1994

Mdogo wangu Mwishehe,

Salaam kwako na kwa Nusaiba, na pole yake ya homa. Huku ni upepo tu na vumbi. Shemeji yako ameanza kujenga choo cha shimo kipya na ameshagombana na mafundi wawili. Ukungu wa Talha nimeupangusa kama ulivyosema, disketi nikaivisha bahasha nyingine. Spiriti nilipewa na nesi.

Umeandika ukurasa mzima habari za programu za kurudisha vitu. Kwa Eufrazia hakuna mteja aliyefuta kitu. Sijui umeandika kwa ajili ya nani.

Jina nililoliweka ni MZEE. MZEE1, MZEE2, kila kesi faili lake, mpaka arobaini na kitu. Sasa hesabu herufi mwenyewe uone iko kwa nani. Tangu nisome barua yako nimehesabu, na kila nikihesabu naona kwa Talha ni bajeti na barua za likizo, kwa Hamisa katikati, na M iko kwako.

Hamisa amekuja. Sikumfuata, amekuja mwenyewe Jumamosi, amevaa baibui yake nzuri, na lile sanduku la bati kwapani. Tukakaa uani. Akaniuliza jambo moja tu: mama yake yumo kwenye kitabu? Nikamwambia yumo. Kesi ya mwisho kabisa si ya mahakamani, ni ya mzee mwenyewe, jinsi alivyomwacha mama yake Hamisa. Mzee alisema amewasikiliza watu miaka thelathini na hajapata kujisikiliza yeye.

Nikataka kumsimulia. Niliipiga chapa kwa vidole hivi, Mwishehe, naijua. Mzee alikiri kwamba yale aliyozushiwa yule mama hayakuwa kweli, kwamba alimwacha kwa maneno ya watu na alilijua hilo kabla mwaka haujaisha, akaona haya kumrudia. Nikafungua mdomo tu, Hamisa akaninyamazisha.

"Usinisimulie," akasema. "Wewe dada yangu utanipambia. Nataka alivyosema yeye, neno kwa neno, kama alivyokwambia."

Mama yake amekufa na jina lile baya. Mpaka leo kule Tandale kuna wazee wanamwita Hamisa mtoto wa yule mwanamke. Ameniachia disketi. Ameniambia siku ya kuifungua aitwe, akae, asomewe. Nikamwapia kwa jina la mama yangu.

Sasa zimebaki zako tu. Nne na tano. Kila barua nakuuliza, na kila barua unanijibu habari za vijumba vya rangi. Mashine inaondoka mwisho wa mwezi ujao. Mwishehe, tuma.

Dada yako,
Mwajabu


Mwanza,
14 Septemba 1994

Dada Mwajabu,

Shikamoo. Tu wazima sote. Anayekuletea bahasha hii ni Bwana Leodegar, mtunza ghala wa hapa ushirika, anakuja Dar kwa treni kumwona ndugu yake Keko. Ni mtu mwaminifu. Disketi zimo humo, zote mbili, nimeziwekea kadibodi.

Joto la garini huwa kali sana kati ya Tabora na Dodoma. Kama hazitasoma vizuri, jua kwamba ni hilo, disketi hizi ni dhaifu sana. Hata mpya kabisa hukataa.

Nimefikiri kuhusu Hamisa. Pengine ingefaa umsimulie tu, kwa utaratibu. Wewe unayakumbuka maneno ya mzee. Angekubali.

Nusaiba anakusalimu. Mtoto anatembea.

Mdogo wako,
Mwishehe


Temeke Mikoroshini,
2 Oktoba 1994

Mdogo wangu Mwishehe,

Marahaba. Sisi wazima wa mwili. Choo kimekwisha na shemeji yako anakionyesha kwa wageni. Nimefurahi kwamba mtoto anatembea. Bwana Leodegar alinifikishia bahasha mkononi, nikamkaribisha chai akasema ana haraka. Mshukuru.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwa Eufrazia, mimi, Talha na Hamisa. Eufrazia alikuwa kanisani, akaniachia ufunguo. Talha alivaa kanzu. Hamisa aliketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, kama mtu aliyeitwa na daktari. Hakutaka soda.

Nikawasha ile programu uliyoniachia, nikatia ya kwanza, ile ya ukutani niliyoisafisha. Mashine ikakwaruza, ikakwaruza, nikasoma dua niliyoikumbuka, ikapita. Majina yakaanza kupanda kiooni. Bajeti ya chai na sukari. Barua za likizo. Dokezo la mkurugenzi kuhusu watu wanaopiga simu za nyumbani. Hotuba ya Mei Mosi. Mwishehe, shirika lote lilirudi. Lile ambalo wameshaliuza mpaka fremu za madirisha, lilikuwa linafufuka mbele yangu karatasi kwa karatasi. Talha akauliza kama huyo ndiye mzee. Nikamwambia bado, huyo ni mkurugenzi. Tukacheka, na Hamisa naye alicheka. Juu ya programu hiyo sina maoni mabaya, nataka ujue hivyo. Ilifanya ilichoambiwa.

Ya pili nayo ikapita, na ya Hamisa ilisoma bila kukwama hata mara moja. Mwisho wake kabisa likatokea jina MZEE1. Nikawaonyesha kwa kidole. Hamisa akainuka akaja kusimama nyuma yangu. Kisha mashine ikaomba ya nne.

Nikatia yako. Ikasema siyo. Nikatia ile nyingine, labda umezibadilisha namba. Ikasema siyo. Nikatoka kwenye programu nikaangalia zina nini. Nimeona uzito wa pamba, kituo kwa kituo, na kila faili lina tarehe yake, la kwanza ni la Januari, siku chache tu baada ya sisi kukupelekea. Sijui kama ulisahau kuyafuta, au uliyaacha makusudi nione mwenyewe ili wewe usilazimike kusema.

Nimekaa wiki nzima kabla ya kushika kalamu, nisije nikakuandikia kitu ambacho mtoto wako atakisoma akikua. Umeniumiza. Si kwa kuzitumia kwa hesabu za pamba. Ulidhani ni nakala, na aliyekudanganya ni mimi, na najua disketi huko ni adimu. Umeniumiza kwa haya mengine. Ulijua tangu Aprili, ulipokuwa unanieleza kwamba zile si nakala. Ulijua, na ukaniacha nivuke kwenda Kigamboni kung'oa vitu kwenye ukuta wa Talha. Ulijua, na ukaniacha nikakae Tandale nikimwomba Hamisa kitu ambacho hakikuwa kinakwenda popote. Neno moja lingetosha. Ningekulaani jioni ile, asubuhi ningekusamehe, na Hamisa asingekuwa ameguswa. Wewe ukaniandikia menyu za programu ni nzuri kiasi gani.

Siku ile Talha na Hamisa hawakuweza kusoma kilichokuwa kiooni. Hamisa akauliza nyuma yangu, "Vipi, dada?"

Nikawaambia kosa ni langu. Nikasema siku ile ya mwisho ofisini nilizitia vibaya, namba nne na tano hazikushika kitu tangu mwanzo. Lilinitoka kabla sijalipima. Wewe ni mdogo wetu wa mwisho na mama alikuacha mikononi mwangu, nadhani ni hilo, sina sababu nyingine.

Hamisa akasema, taratibu kabisa, "Miaka mitatu ulikaa naye nyie wawili tu, akikusimulia. Na hata hivyo hukumtunza." Akachukua disketi yake, akaifunga kwenye kisutu, akatoka. Talha akamfuata amsindikize kituoni.

Nilibaki nikaifungua MZEE1. Ni ukurasa mmoja. Mzee anasalimia, anataja jina lake na la baba yake, anasema kesi atazisimulia kama alivyozisikia bila kumpendelea mtu, na kwamba ya kwake mwenyewe ataiweka mwisho, ili msomaji awe ameshamzoea. Basi. Niliuchapa, nikaupeleka Tandale Jumanne. Hamisa aliupokea mlangoni, akasomewa na mwanawe, akanirudishia. Akasema si huo alioutaka. Nikaanza kumwambia maneno ya mzee kuhusu mama yake, yale ninayoyakumbuka, na ninayakumbuka yote. Akaniuliza sasa ataaminije, na mimi ndiye niliyempoteza mzee na leo natafuta cha kumpoza. Nimerudi nayo hayo maneno, ni ya kweli na hayana kazi tena.

Ile mashine waliifuata Ijumaa kwa mkokoteni. Mimi sasa niko kwenye Windows, nabonyeza picha. Disketi za Talha nimemrudishia, amezitundika palepale. Zako nakurejeshea kwa Bwana Leodegar, zina hesabu za watu. Usiniandikie tena maoni yako juu ya programu yoyote. Niandikie habari za mtoto.

Talha na mkewe wanakusalimu sana. Hamisa hasemi na mimi, lakini amemtuma Talha salamu zako nikuandikie, na ninakuandikia kama nilivyopewa. Anasema Mungu akulipe kwa kumtuma mtu safari yote ile, maana katika watoto wote wa mzee, wewe uliye mbali ndiye pekee uliyemhangaikia.

Dada yako,
Mwajabu